Chuo kimeahidiwa kontena la vitabu vya msaada kutoka nje: ya kufanya kabla halijapakiwa (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Rafu_ya_Chini (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu ni wa watu wa maktaba, ofisi za manunuzi na taaluma kwenye vyuo vya huku kwetu, kuanzia Malimbe na Bugando hadi Butiama na Bukoba. Maswali ya vitabu vya msaada yamekuwa yakitokea vipande vipande kwenye nyuzi nyingine. Tuyaweke hapa.

Watoaji hawafanani, na ukiwachanganya unakosea tangu barua ya kwanza. Book Aid International ya Uingereza, iliyoanza 1954, hutuma vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji. Books For Africa ya Minnesota, Marekani, iliyoanza 1988, hupokea vipya na vilivyotumika na kusafirisha kwa kontena. La futi 40 hubeba takribani vitabu 22,000. Halafu kuna vikundi vidogo vya kujitolea: wastaafu wachache, ghala la kuazima, profesa anayehama ofisi. Hawa wana moyo kweli, ila mara nyingi hawana mtu wa forodha na mtaala wako hawaujui. Kuwaelekeza ni kazi yako wewe unayepokea.

Barua isiyo na orodha ni sawa na kumtuma mtu Soko Kuu umwambie "leta chochote". Ataleta. Kwa hiyo salamu ziwe nusu ukurasa, orodha iwe kurasa tatu. Ipangwe kwa kozi, si kwa kitivo. Usiandike "vitabu vya sayansi". Andika: fiziolojia ya binadamu, mwaka wa kwanza, wanafunzi 180, nakala 10 hadi 15, toleo la 2015 kuja juu. Mwishoni weka kichwa kisemacho "Tusivyohitaji" na usione haya: ensaiklopidia za jumla, majarida ya zamani, vitabu vya kodi za majimbo ya Marekani, miongozo ya programu za kompyuta zilizokufa, vitabu vya mazoezi vilivyokwisha jazwa kwa kalamu.

Kisha omba ISBN, ile namba ya utambulisho wa kila kitabu. Mtoaji mwenye simu janja anaskani bakodi ya nyuma ya kitabu na kukutumia faili. Tarakimu 13 zikianza na 978 au 979 ni mfumo wa tangu 2007. Ukiona tarakimu 10 pekee, jua kitabu kilichapwa kabla ya hapo, hata kama jalada linang'aa. Faili hilo unalilinganisha na Koha yenu (programu ya katalogi ya maktaba), unajibu: hivi ndiyo, hivi hapana. Siku tatu za kompyuta zinaokoa tani nzima ya mizigo.

---

Kijana_wa_Mkolani

Mkuu, kukataa zawadi si kutamfanya mtoaji akasirike akimbilie chuo kingine?

---

Rafu_ya_Chini

Anayejua kazi hakasiriki, anashukuru. Nafasi ya kitabu ulichokataa anaweka kingine. Asiyejua kazi, afadhali akasirike mapema kuliko boksi 300 zisizofunguliwa zikae nyuma ya ukumbi miaka sita.

---

Bi_Kadi

Niongezee hapo kwenye umri wa vitabu, maana "toleo la 2015 kuja juu" si kipimo cha masomo yote.

Hisabati, mekanika, anatomia: kitabu cha 1995 bado ni kitabu. Pokea.

Tiba na famasia: angalia malaria kwanza, ndiyo njia ya mkato. Kitabu kinachoanza na klorokwini kimepitwa. Tanzania iliiacha 2001 ikaingia dawa ya SP, na dawa mseto ya ALu ikafuata mwishoni mwa 2006. VVU ni hivyo hivyo: kinachosubiri CD4 (hesabu ya chembe za kinga) ishuke ndipo mgonjwa aanze dawa, kiweke kando.

Uhasibu ndipo vyuo vinapoumia zaidi, kwa sababu vitabu vya Marekani ni vizuri kwa macho. Vinafundisha US GAAP, kanuni za uhasibu za Marekani. Sisi tunatumia IFRS, viwango vya kimataifa, tangu 2004. Mwanafunzi anasoma LIFO (bidhaa ya mwisho kuingia ihesabiwe ya kwanza kutoka) kwa bidii, anaingia mtihani wa bodi anakuta hairuhusiwi. Hata kile cha IFRS, kama sura ya mali za kukodi inaitwa IAS 17, ni cha kabla ya 1 Januari 2019, siku IFRS 16 ilipoanza kutumika. Fungua sura hiyo moja tu, unajua umri wote.

Vingine ni vile vitabu vinene vya mwaka wa kwanza vya Marekani vyenye namba ya siri ya kuingia mtandaoni. Namba hiyo hutumika mara moja. Kitabu kilichotumika, namba imeshakwaruzwa, na mazoezi yote yapo huko mtandaoni. Kitabu chenyewe kinafaa kusoma, ila mhadhiri asipange kazi za nyumbani kwa kukitegemea.

---

Wakili_wa_Ziwani

Kwenye sheria mnachukua mkato mno. Vya majimbo ya Marekani sawa, vikatalieni. Ila vya Uingereza vya zamani msivitupe! Sheria yetu inapokea common law na kanuni za usawa za Uingereza kwa kikomo cha 22 Julai 1920. Kitabu cha mikataba au madhara cha miaka ya 1960 kina mashauri ambayo mahakama zetu bado zinayataja. Kinachochakaa ni sheria zilizotungwa na Bunge lao, si mashauri.

---

Bi_Kadi

Nakubali kuhusu mashauri, wakili. Ila nakala mbili zitoshe, si arobaini. Rafu ni mali.

---

Fuso_la_Buhongwa

Sasa tuje kwenye uzito, maana watu wa maktaba huhesabu vitabu na watu wa lori huhesabu tani.

Vitabu vya chuo vikipangwa vizuri ni kama kilo 600 kwa mita ya ujazo. Kontena la futi 40 lina mita za ujazo 67 hivi; ukijaza 55 tu umefika tani 33, wakati lenyewe linabeba 26 na ushee. Huko Marekani barabara zao hukubana hata kabla ya hapo, mzigo wa ndani usizidi tani 20 hivi. Ndiyo maana la futi 40 la vitabu halijai hadi juu. Likija limejaa hadi darini, ujue kuna vitu vyepesi ndani ambavyo hukuviomba.

Kwa chuo kimoja, futi 20 inatosha sana. Hesabu yake: boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 likijaa ni kilo 18. Boksi 800 ni tani 14.4 na mita za ujazo 24, inaingia na nafasi inabaki. Kwa wastani wa kilo 1.2 kila kitabu, hapo una vitabu 12,000.

Boksi lisizidi hapo. Mtoaji akitumia maboksi makubwa ya televisheni, chini yanafumuka, vibarua wanayaburuta, na vitabu vya chini vinafika vimekunjika migongo. Vitabu vilazwe au visimamishwe wima, visiwekwe kwa kuegemea makali ya kurasa. Kila boksi liandikwe namba na somo pande mbili, si juu. Juu hupaoni likishapangwa.

Palleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia) wenye herufi HT, yaani mbao imepashwa moto wa nyuzi 56 kwa dakika 30. Bila muhuri huo mtu wa afya ya mimea ana haki ya kuuliza. Na mning'inize mifuko ya kufyonza unyevu ndani. Kontena likivuka bahari, joto la mchana na baridi ya usiku hufanya dari litiririshe maji, na maboksi ya juu ndiyo yanayokunywa.

---

Kijana_wa_Mkolani

Na hizo nguo na madaftari ambazo wafadhili hupenda kujazia nafasi?

---

Wakala_Kurasini

Hapo ndipo shida yote ilipo, kaka. Acha nieleze taratibu.

Vitabu vilivyochapwa viko kifungu cha 4901 cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, na ushuru wake ni 0%. Ramani nazo, 4905, ni sifuri. Lakini madaftari ni 4820, kalamu ni 9608, kalenda ni 4910, na hivyo vyote vina ushuru. Nguo zilizotumika zina ushuru wake na cheti cha kufukizwa. Ukichanganya katoni 20 za madaftari na mitumba ndani ya kontena la vitabu, kontena safi limegeuka kontena la mchanganyiko. Linaitwa kwa ukaguzi wa macho, linafunguliwa, linapakuliwa, na siku zinahesabiwa. Madaftari nunueni hapo Mwanza.

Nyaraka zinazotakiwa mkononi kabla meli haijatia nanga: B/L (hati ya shehena ya meli), orodha ya vifurushi yenye idadi ya maboksi na uzito, ankara, hati ya zawadi kutoka kwa mtoaji, na barua ya chuo ya kupokea. Makosa yanayojirudia:

Jina la mpokeaji. B/L iandikwe jina kamili la chuo kama lilivyo kwenye TIN, si jina la mkutubi wala la padri anayefahamiana na mfadhili. Likiandikwa la mtu binafsi, mzigo ni wake mbele ya forodha, na kurekebisha ni kulipa na kusubiri.

Ankara yenye sifuri. Mtoaji anaona ni zawadi, anaandika thamani 0. Forodha haiijui thamani sifuri, watakukadiria wenyewe. Aandike thamani ndogo ya kweli kwa kila kundi, na chini aandike kuwa ni kwa ajili ya forodha tu, haiuzwi.

B/L asili kubaki huko. Ama zitumwe kwa kampuni ya vifurushi siku meli inapoondoka, ama mtoaji aombe teleksi ili mzigo uachiwe bila karatasi. Kusubiri meli ifike ndipo mzungumze ni kuchelewa. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, safari ndefu zaidi, kwa hiyo muda mnao, utumieni.

Tena, ushuru sifuri si gharama sifuri. Kuna tozo za serikali zisizo ushuru, za bandari, za kampuni ya meli, ya wakala, na lori. Siku za bure za kuhifadhi ni chache na zikiisha mita inakimbia mara mbili: bandari kwa upande wake, mwenye kontena kwa upande wake. Ombeni makadirio ya maandishi kwa mawakala wawili au watatu kabla ya kumwambia mfadhili ndiyo.

---

Fuso_la_Buhongwa

Kutoka Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 1,150, na kuna njia mbili. Ya kwanza, kontena lije lenyewe juu ya trela. Mzigo unafika na lakiri yake, ila unaweka amana ya kontena na lazima lirudi Dar tupu ndani ya siku zake. Ya pili, mnalipakua bandari kavu Dar na kuhamishia kwenye semi ya turubai. Amana hakuna, lakini kila boksi limeshikwa mara mbili zaidi na turubai lenye tundu moja likikutana na mvua ya Singida ni hasara ya boksi 40.

Mimi ningeshauri ya kwanza, isipokuwa chuo hakina pesa ya amana kabisa. Chagueni wiki pia. Mvua zetu ni Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei, na barabara ya ndani ya chuo ikiwa ya udongo trela halipandi.

Kushusha: sakafu ya trela iko juu ya kifua cha mtu, na fokolifti hakuna. Vibarua 10 kwa mnyororo, boksi 4 kwa dakika, boksi 800 ni saa tatu na dakika ishirini bila kupumzika. Wekeni nusu siku. Mmoja asimame na karatasi akitiki namba tu, asibebe.

---

Bi_Kadi

Na zikishashuka, jamani, ZISIPELEKWE GHOROFANI.

Sakafu ya ofisi husanifiwa kwa kilo 250 hivi kwa mita ya mraba. Boksi tano zikipangwa juu kwa juu ni kilo 90 kwenye eneo la sentimita 40 kwa 30, yaani kilo 750 kwa mita ya mraba. Ghala la vitabu hujengwa kwa uzito huo; chumba cha semina hakikujengwa hivyo. Tafuteni chumba cha chini, palleti chini ya boksi, sentimita 30 kutoka ukutani ili mchwa wakipanda muuone mfereji wao wa udongo kabla haujagusa karatasi.

Ukungu: unyevu ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa unaota, na jengo lililo kando ya ziwa linafika hapo kirahisi. Kipimo cha unyevu cha ukutani ni kitu kidogo, nunueni. Boksi likifunguliwa likanuka stoo, lisipelekwe rafuni. Litoke nje kivulini penye upepo, kurasa zifunguliwe, kisha zipigwe brashi laini mkiwa na barakoa. Juani hapana, gundi inakatika.

Wadudu wa karatasi: kitabu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima, kisha mfuko ukae masaa 24 kabla ya kufunguliwa. Kuna waliowahi kupendekeza vyumba vya baridi vya viwanda vya sangara. Baridi ipo kweli. Harufu je?

Jambo dogo la Mwanza: madirisha ya chumba cha kusomea yawe na nyavu ndogo kabisa. Wale wadudu wa ziwani wakija kwa wingi hufuata taa, wanakaa kwenye kurasa zilizofunguliwa, mtu anafunga kitabu. Doa hilo la kijani halitoki.

---

Swichi_na_Soketi

Kwa wanaoahidiwa vifaa vya maabara pamoja na vitabu. Laptopu chaja yake ikisoma 100–240V haina neno. Lakini angalia kama inaweza kupanda Windows 11, kwa sababu Windows 10 iliachwa 14 Oktoba 2025. Isipoweza, iwekeeni Linux kabla haijasambazwa. Kompyuta na vifaa vilivyotumika muulizeni wakala masharti ya TBS (Shirika la Viwango) kabla, si baada.

Mashine za Marekani ni volti 120 na hezi 60 (mara umeme unavyobadilika mwelekeo na kurudi kwa sekunde), sisi ni 230 na hezi 50. Mafundi wengi hununua transfoma ya kushusha volti wakadhani wamemaliza. Transfoma haibadilishi hezi. Sentrifuji yenye mota ya kufuata hezi iliyokuwa inazunguka 3,600 kwa dakika itazunguka 3,000, na kwa kuwa nguvu ya kutenganisha hufuata mraba wa kasi, unabaki na asilimia 69 tu. Damu haitengani vizuri, watu wanalaumu sampuli. Na mota inachemka. Hadubini zenye balbu ya volti ndogo hazina tabu hiyo. Ombeni balbu za akiba sita kwa kila moja, maana aina zile madukani hapa hutazipata.

---

Kijana_wa_Mkolani

Swali la kichokozi: pesa ya kusafirisha yote hayo si bora kununua vitabu vipya tu?

---

Rafu_ya_Chini

Si uchokozi, ndiyo hesabu ya kwanza. Chukua gharama zote hadi mlangoni, ugawe kwa vitabu vitakavyoingia rafuni, si vilivyomo kontenani. Tuseme jumla ni milioni 30. Vikifaa vyote 12,000 ni shilingi 2,500 kila kimoja, hakuna duka litakalokupa hivyo. Vikifaa 1,500 tu ni 20,000 kila kimoja, na hapo matoleo ya bei nafuu ya India yanaanza kushindana, tena ukiwa umechagua kichwa mwenyewe.

Ongeza na kazi. Mtu mmoja anayenakili rekodi kwa Z39.50 (njia ya kuvuta rekodi za katalogi mtandaoni) kutoka maktaba nyingine, anabandika bakodi na lebo ya mgongoni, akifika vitabu 50 kwa siku anafanya vizuri. Watu watatu, vitabu 12,000, siku 80 za kazi. Karibu miezi minne. Bakodi, gundi na lebo ziwe zimenunuliwa kabla.

Majarida msisafirishe kabisa. Tanzania iko kwenye kundi linalopata Research4Life (mpango wa majarida ya kitaaluma mtandaoni) bure, na COTUL, umoja wa maktaba za vyuo na utafiti, wanaratibu mengine. Andikisheni chuo.

---

Mkaguzi_wa_Ndani

La mwisho kutoka kwangu, hasa vyuo vya umma. Uchambuzi ufanyike KABLA ya muhuri. Kitabu kikishagongwa muhuri na kupewa namba ya usajili ni mali ya umma. Kukitoa kunahitaji kikao, orodha, na taratibu za kufuta mali. Kisichogongwa bado kinaweza kupelekwa chuo cha ualimu Butimba, Maktaba ya Mkoa au sekondari kwa barua ya makabidhiano tu.

Na visivyofaa kabisa virarueni wenyewe ukurasa wa jina la mtoaji kabla ya kuuza karatasi. Kurasa huishia kufungia karanga stendi, na picha husafiri hadi kwa mfadhili haraka kuliko barua ya shukrani.

Pia angalieni vilivyotoka maktaba za nje kama vina muhuri wao wa kuonyesha vimeondolewa. Kisichonacho kinaonekana cha wizi. Mtoaji augonge huko huko.

---

Nshomile_wa_Kemondo

Asanteni wakuu. Sisi tawi letu liko Kagera, tumegawiwa boksi 60 kutoka Mwanza. Barabara au meli?

---

Fuso_la_Buhongwa

Boksi 60 ni kama tani moja, ndugu. Kwa meli ni sawa kabisa, ila kila boksi livikwe nailoni nzito kwanza, halafu kamba mbili za kukatizana. Sitaha ya mizigo ina maji. Na andika BUKOBA au KEMONDO kwa herufi kubwa pande mbili za kila boksi. Meli hugusa Kemondo kwanza, na vijana wa gatini wakishaanza kushusha hawasomi maandishi madogo.